Kiwambo kilichotoboka na tundu la sikio lililochubuka: namna ya kuuguza bila kisu

Ngozi ya tundu la sikio inatembea. Inaanzia katikati ya kiwambo, yaani ngoma ya sikio, inasogea pole pole hadi ukingoni, kisha inafuata kuta za tundu kuelekea nje, ikibeba nta, vumbi na seli zilizokufa. Kwa siku inasogea kama sehemu ya kumi ya milimita tu. Kwingine mwilini ngozi huchipuka chini na kupukutika juu. Humu ndani inasafiri kwa ubavu, usiku na mchana, bila wewe kufanya lolote. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya masikio, pua na koo hapa Tanga, na ningepewa nafasi ya kumfundisha kila mgonjwa jambo moja tu, ningechagua hilo. Ndilo linaloeleza kwa nini masikio mengi yaliyoumia hupona yenyewe, na kwa nini yale yasiyopona mara nyingi yamezuiwa na mkono wa mtu.

Haya ninayoyaandika ni kwa aliyetobolewa kiwambo kwa kofi, kwa kuzamia, kwa njiti ya kiberiti au kwa ugonjwa wa usaha, na kwa aliyechubuka tundu lenyewe. Hayachukui nafasi ya kuangaliwa. Sikio lililoumia liangaliwe angalau mara moja na mtu mwenye otoskopu, ile kurunzi ndogo yenye pua nyembamba. Kama zahanati yenu haina, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na umwombe aliyekuangalia achore duara kwenye daftari lako, aweke alama ya tobo liko wapi na lina ukubwa gani, na tarehe. Mchoro huo mdogo utakufaa sana miezi mitatu baadaye, utaona kwa nini.

Kujua kilichoumia

Tundu la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Theluthi ya nje imekaa juu ya gegedu, ina vinyweleo na tezi za nta, na ngozi yake ni nene kiasi. Theluthi mbili za ndani zimekaa juu ya mfupa, na huko ngozi ni nyembamba mno, imeshikana na mfupa bila mafuta wala nyama katikati. Kijiti kikifika huko hakuna kinachokizuia kuchana. Mwisho wa tundu ndipo kilipo kiwambo, ambacho wengi wanakiita ngoma ya sikio. Upana wake ni kama milimita tisa na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na ndani ya wembamba huo mna tabaka tatu: ngozi upande wa nje, nyuzi imara katikati, na utando laini upande wa ndani.

Tundu likichubuka huuma sana ukigusa au ukivuta sikio, damu hutoka kidogo, na unaendelea kusikia karibu kama kawaida. Kiwambo kikitoboka huwa tofauti: maumivu makali ya ghafla ambayo mara nyingi hupungua haraka, mlio sikioni, sauti za watu zinasikika kwa mbali, na ukipenga kamasi unasikia hewa ikipita sikioni kama filimbi. Tafadhali usipenge makusudi ili kujaribu. Hewa hiyo inapandisha kamasi na vijidudu kutoka puani hadi kwenye kidonda.

Lipo jaribio moja la nyumbani ninalowafundisha watu, na halihitaji kifaa. Kaa mahali tulivu, funga mdomo, vuma “mmmm” kwa sauti nzito, na usikilize mvumo unasikika zaidi sikio gani. Ukisikika zaidi kwenye sikio lililoumia, tatizo huenda liko kwenye njia ya sauti: tobo, damu iliyoganda au nta. Hayo yana subira. Lakini kama sikio lililoumia halisikii vizuri na mvumo unakimbilia kwenye sikio zima, huenda neva ya usikivu imeguswa, na hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo, maana dawa za kuiokoa zina muda wake. Jaribio hili haliwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha usikivu, lakini limewahi kuwafanya watu waamke kitini na kwenda hospitali badala ya kungoja Jumatatu.

Usingoje pia kama kuna kizunguzungu kinachozungusha nyumba, uso umelegea upande mmoja, nyuma ya sikio pamevimba na sikio limesukumwa mbele, homa kali, au majimaji maangavu kama maji yanachuruzika baada ya kugongwa kichwa. Mtoto aliyeingiza betri ndogo ya saa sikioni apelekwe mara moja, saa yoyote ile, bila kutiwa maji wala matone ya aina yoyote. Betri ile inaunguza ngozi ndani ya saa chache.

Waliopigwa kofi, naomba mnisikilize. Sikio linaloumia ni la kushoto mara nyingi zaidi, kwa sababu wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia wakiwa wamekutazama uso kwa uso. Wanawake wengi wanaonijia na tobo la namna hiyo husema wamedondoka bafuni. Siwabishii mbele za watu. Nafunga mlango, naeleza kwamba tobo la hewa ya kofi huwa na kingo zilizochanika bila mchubuko kwenye tundu, kisha nanyamaza. Ukitaka kufungua kesi, utahitaji PF3, fomu ya kutibiwa majeraha, kutoka polisi, na ule mchoro wenye tarehe ni ushahidi. Usipotaka, tiba yako ni ileile na hakuna anayepaswa kukunyima.

Wiki za mwanzo

Matobo ya ghafla, yale ya kofi, ya mlipuko na ya kuzamia, hupona yenyewe kwa watu wanane hadi tisa katika kila kumi. Madogo huziba ndani ya wiki chache, makubwa huchukua hadi miezi mitatu. Ngozi ileile inayotembea hupita juu ya tobo kutoka kingoni na kukutana katikati. Kwa hiyo, kama sikio ni kavu, halina usaha na halikuingia maji machafu, hakuna dawa ya kutia. Hakuna matone, hakuna vidonge vya antibayotiki. Paracetamol kwa maumivu, basi.

Hapo ndipo watu wanapoona wamedharauliwa. Mama mmoja kutoka Pongwe alimleta mwanawe wa darasa la sita, kiwambo kimechanika kwa kofi, na nilipomwambia hataandikiwa dawa aliniangalia kwa uchungu. “Sasa dada, ndiyo kusema turudi mikono mitupu?” Nikamwambia, “Hapana mama, mnarudi na kazi.” Kazi yenyewe ndiyo hii.

Maji yasiingie. Kabla ya kuoga chukua pamba kiasi cha zabibu, paka Vaseline ya kutosha upande wake wa nje hadi maji yasiweze kupenya, iweke mlangoni mwa tundu bila kuisukuma ndani. Ukimaliza kuoga, itoe na uitupe. Usikae na pamba sikioni kutwa. Sikio lililozibwa linatota kwa jasho na joto letu la pwani, na unyevu huo ndio vijidudu wanaoupenda. Kuogelea, baharini au mtoni, hakuna. Akina dada wanaokwenda saluni, mwambie anayekuosha nywele kabla hajafungua bomba, na uinamishe kichwa upande wa sikio zima liwe chini.

Wengi huniuliza habari ya udhu, na ni swali zuri kwa sababu masikio hupakwa maji mara tano kwa siku. Ninachowaambia kwa upande wa kidonda ni kwamba vidole vikamuliwe hadi vibaki na unyevu tu, vipite nyuma ya sikio na kwenye mikunjo ya nje, na visiingizwe tunduni. Maji ya kupandisha puani yapandishwe kwa upole, kwa sababu pua na sikio vimeunganishwa kwa mrija na mvuto mkali unafika huko. Janaba waogee na pamba yenye mafuta. Hukumu ya mgonjwa mwenye udhuru ni ya kumuuliza sheikh. Masheikh niliowahi kuwapelekea wagonjwa hawajawahi kunitatiza.

Pua usipenge kwa nguvu. Futa, au penga tundu moja moja taratibu. Chafya ikija, iache itoke mdomo ukiwa wazi. Ukiibana, presha yote inaishia kwenye kidonda.

Damu iliyoganda ndani iache. Ngozi itaibeba yenyewe, na wiki kadhaa baadaye utaikuta mlangoni kama kipande cheusi kikavu. Mwenye kuichokoa huondoka na ngozi changa iliyokuwa inamea chini yake. Hapa ndipo nawaombea watu wanyang’anywe vijiti vya pamba, unyoya wa kuku, pini ya nywele, ufunguo wa pikipiki na kifuniko cha kalamu. Kijiti cha pamba kinaonekana kistaarabu kuliko unyoya, lakini kinakwangua ngozi vilevile na kusukuma nta ndani, kinyume na mwendo wake.

Na mafuta. Najua bibi zetu walitupasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu kwa mapenzi, na kwenye sikio zima lenye nta ngumu mafuta ya vuguvugu hayana ubaya mkubwa. Kwenye kiwambo chenye tobo yanapita moja kwa moja hadi kwenye chumba cha ndani, na yakiwa ya moto yanaunguza. Nimeona tundu lililobabuka ngozi yote kwa mafuta yaliyopashwa kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa. Maziwa ya mama, maji ya majani na mkojo navyo visiingie.

Sikio linalotoka usaha

Usaha ukiingia, kanuni inageuka. Sasa kuna kazi ya mikono, na kazi kubwa ni kukausha. Dawa ikidondoshwa juu ya usaha inaelea tu, haigusi ngozi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza kwa miaka mingi kwamba sikio la namna hii likaushwe kwa utambi mara tatu kwa siku, na ikiwa usaha umedumu wiki mbili au zaidi, litiwe matone ya antibayotiki ya kundi la kwinoloni kwa wiki mbili. Ni tiba rahisi inayofanyika juu ya mkeka nyumbani, lakini wengi hawafundishwi namna ya kuifanya, wanaambiwa tu “safisha sikio”.

Utambi unautengeneza hivi. Tafuta kitambaa cha pamba kilichochakaa kikalainika, kama kipande cha khanga kuukuu. Kifue kwa sabuni, kichemshe, kianike juani, kikikauka kipige pasi. Kata vipande vyenye umbo la pembetatu ndefu, kama urefu wa kidole cha kati. Nawa mikono. Shika ncha na uisokote kwa kidole gumba na cha shahada hadi iwe utambi uliochongoka lakini laini, unaoweza kupinda ukigusa kitu. Utambi mgumu ni kijiti tu. Tishu nzito isiyochanika inafaa pia. Ile ya chooni inayomeguka haifai, itabaki ndani.

Mlaze mgonjwa au mkalishe kwenye mwanga. Mtu mzima, vuta sikio lake juu na nyuma. Mtoto mdogo, vuta chini na nyuma. Kufanya hivyo kunanyoosha tundu, ambalo kwa kawaida limepinda. Ingiza utambi pole pole ukiuzungusha, ukome pale utakapohisi unazuiwa au mgonjwa atakapokunja uso. Subiri. Utauona unabadilika rangi kuanzia nchani, usaha ukipanda kwenye kitambaa. Utoe, utupe, weka mwingine. Wa kwanza utatoka umelowa nusu yake, wa pili robo, wa tatu au wa nne utatoka ukiwa mkavu. Hapo ndipo umekausha sikio. Mtoto wa mwaka mmoja atalia mara mbili tatu za mwanzo, kisha atazoea, maana hakuna maumivu, ni mtekenyo.

Baada ya kukausha ndipo matone yanaingia. Soma chupa. Unatafuta siprofloksasini au ofloksasini za sikio, ambazo ni za kundi hilo la kwinoloni. Matone yenye gentamisini au neomisini yanaweza kudhuru sikio la ndani yakipita kwenye tobo, na duka la dawa linaweza kukupa bila kukuuliza kama kiwambo ni kizima. Mwambie muuzaji kwamba kina tobo. Shika chupa mkononi dakika chache ipate joto la mwili, kwa sababu matone ya baridi yanaleta kizunguzungu cha ghafla. Lala sikio bovu likiwa juu, tia idadi uliyoandikiwa, kisha ukibonyeze mara kadhaa kile kinyama kidogo kilichoko mbele ya tundu, kama mtu anayebonyeza kengele. Kubonyeza huko ndiko kunakosukuma dawa ipite kwenye tobo ifike palipo na ugonjwa. Ukisikia uchungu wa dawa kooni, ujue imefika. Baki umelala kama dakika tano.

Sikio likikauka kabisa, acha utambi. Maliza matone kama ulivyoandikiwa, usiongeze chupa ya pili kwa hiari yako. Antibayotiki ikikaa muda mrefu tunduni inafungua mlango kwa kuvu, na kuvu inawasha usiku kucha. Ukitazama ndani unaona kama gazeti lililolowa, lenye vidoa vyeusi. Hiyo inataka kusafishwa na mtaalamu na dawa ya kuvu kama klotrimazoli.

Usaha wenye harufu mbaya sana usioisha hata baada ya tiba ya kweli ni jambo jingine. Huenda ngozi imeingia ndani ya mfupa na inajirundika huko kama kifuko, ikila mifupa midogo ya usikivu. Hapo upasuaji ni lazima, na yeyote anayekuahidi kuumaliza kwa matone anakuchelewesha.

Tundu lenyewe likichubuka

Mchubuko mdogo wa tundu una masharti yaleyale ya ukavu, na mara nyingi wiki moja au mbili zinatosha. Ukianza kuuma zaidi badala ya kupungua, ukasikia kuwasha na tundu likavimba, bakteria wameingia. Dawa yake ni matone kwa wiki moja hivi, kwa kawaida si vidonge. Tundu likivimba hadi kufunga, matone hayapiti, na hapo daktari huingiza kijisponji chembamba au utepe wa shashi uliolowekwa dawa, unaokaa siku mbili tatu hadi njia ifunguke.

Ninachokiogopa zaidi ni mchubuko unaozunguka tundu lote, kama ule wa kuungua kwa mafuta au asidi. Kuta mbili zenye vidonda zikitazamana katika njia nyembamba hushikana. Mtu anapona akiwa na tundu jembamba kama sindano, au limezibwa kabisa. Dawa yake ni kuwahi: utepe wa shashi wenye mafuta ya antibayotiki hupangwa ndani na kubadilishwa kliniki kila baada ya siku chache, ukizitenganisha kuta hadi ngozi mpya izifunike. Inahitaji subira na nauli, lakini inamwepusha mtu na upasuaji mgumu wa baadaye. Pakiota nyama nyekundu laini inayotoa damu ukiigusa, daktari ataipunguza kwa matone yenye steroidi au kuichoma kidogo kwa nitrati ya fedha.

Mwenye kisukari asiuguze tundu nyumbani. Maumivu makali yanayomnyima usingizi, hata kama kwa nje hakuna cha kuona, yanaweza kuwa maambukizi yanayoingia kwenye mfupa wa fuvu.

Miezi mitatu imepita na tobo liko palepale

Sasa lete daftari lenye mchoro. Tukilinganisha, tutaona kama tobo limepungua, limebaki au limeongezeka. Lililopungua linaendelea kusubiriwa. Lililobaki vilevile limekwama, na sababu yake inaonekana kwenye darubini: ngozi ya nje imejikunja kwenye ukingo ikakutana na utando wa ndani. Zikishakutana, mwili unahesabu kwamba kidonda kimepona, na kazi inasimama. Kwa hiyo kila tiba ya kuotesha kiwambo bila kisu ina hatua mbili: kuuamsha ukingo uliolala, na kuipa ngozi kitu cha kutambalia.

Ya zamani ni ya karatasi. Mwaka 1887 daktari Clarence Blake wa Boston, Marekani, alieleza namna ya kubandika kipande cha karatasi nyembamba juu ya tobo. Blake huyohuyo aliona kwamba vipande vyake vilihama, vikisukumwa na ngozi kuelekea nje ya tundu; ni mwendo uleule nilioutaja mwanzo. Hadi leo tobo dogo linaweza kutibiwa hivyo mgonjwa akiwa macho: dawa ya ganzi, ukingo unakwaruzwa kwa ndoano ndogo au kuguswa kwa asidi ya trikloroasetiki, kisha kipande cha karatasi ya kusokotea sigara kilichosafishwa vijidudu kinalazwa juu. Dakika chache tu. Mtu huinuka akisikia vizuri papo hapo kwa sababu tobo limefunikwa. Huenda ukahitaji kurudia. Uliza kama daktari wa masikio wa hospitali ya rufaa ya mkoa wenu anafanya, kwa sababu vifaa vyake ni vya bei ndogo. Anachohitaji zaidi ni darubini na mkono uliotulia.

Hatua kubwa ya karibuni ilitoka Osaka, Japani. Shin-ichi Kanemaru na wenzake wa Hospitali ya Kitano walichukua sponji ya jelatini, wakailoweka kwenye protini ya kuchochea ukuaji wa seli ambayo tayari Wajapani walikuwa wakiitumia kwenye vidonda vya kulalia, wakakwaruza ukingo wa tobo, wakapachika sponji na kuifunika kwa gundi ya fibrini, ambayo ni protini ileile inayogandisha damu. Wiki tatu baadaye wanatazama. Kama halijaziba, wanarudia, hadi mara 4. Mwaka 2011 walichapisha matokeo yao kwa matobo sugu: kati ya wagonjwa 53 waliopewa protini, 52 waliziba. Kati ya 10 waliowekewa sponji bila protini, aliziba 1. Ninaposoma tarakimu hizo naona kwamba ukingo uliolala miaka mingi bado unaweza kuamka, na kwamba kiwambo kilichoota kinaweza kurudisha hata tabaka la katikati, lile ambalo kiwambo kilichojiziba chenyewe mara nyingi hulikosa. Mwaka 2019 Japani iliidhinisha dawa hiyo kwa matumizi ya kiwambo, kwa jina Retympa. Kundi hilohilo limetumia sponji na protini hiyo pia kwenye tundu lenyewe, pale ngozi ilipopotea.

Dawa hiyo sijaiona katika hospitali yoyote niliyofanya kazi. Iliyo karibu zaidi na uwezo wetu ni damu ya mgonjwa mwenyewe. Anatolewa damu kidogo mkononi, inazungushwa kwenye mashine, na tabaka lenye chembe sahani nyingi, zile chembe za damu zinazosaidia kuigandisha, linachukuliwa na kulazwa juu ya tobo pamoja na sponji, baada ya kukwaruza ukingo. Chembe sahani zinabeba protini za kuamsha ukuaji. Katika nchi kadhaa madaktari wanafanya hivyo kwa matobo madogo na ya kati, na ni jambo la kumuuliza daktari wako waziwazi.

Masharti ya tiba zote hizi ni yaleyale: sikio liwe kavu kwa muda wa kutosha, pasiwe na kifuko cha ngozi ndani, pua na mrija wake viwe vinafanya kazi. Tobo kubwa lililokula karibu kiwambo chote kwa kawaida linakwenda kwenye upasuaji wa kuweka kiraka cha utando wa msuli unaochukuliwa juu ya sikio, na ni upasuaji mzuri. Nawaomba tu mjihadhari na chupa zinazouzwa kwenye simu zikiitwa matone ya seli shina ya kurudisha usikivu. Tone pekee haliwezi kuukwaruza ukingo wala kuwa kitu cha kutambalia, na neva ya usikivu iliyokufa haioteshwi na tone lolote linalouzwa leo.

Kwa wazamiaji

Vijana wanaozamia pweza na majongoo bahari ndio wagonjwa wangu wagumu, kwa sababu sikio lao ndilo shamba lao. Kina cha mita mbili tatu kinatosha kukiumiza kiwambo kama husawazishi hewa, na mita kumi presha imeshakuwa mara mbili ya ile ya juu. Wapo wanaoniambia kwamba sikio likishapasuka ndiyo basi, hutaumia tena. Ni kweli maumivu ya presha hupungua, kwa sababu maji sasa yanaingia ndani. Lakini maji baridi yakifika kwenye sikio la ndani, mzamiaji hupata kizunguzungu kikali, asijue juu wala chini, na akiwa chini ya maji hilo linaua.

Kwa hiyo usizamie na tobo, hata na mafua. Kiwambo kikishaziba, kirudishe kliniki kitazamwe kama kinacheza ukisawazisha hewa, upimwe usikivu, na usubiri ruhusa, maana kipya huwa chembamba na kinachanika kirahisi kuliko cha zamani. Siku ya kwanza ya kurudi, shuka miguu ikitangulia ukishika kamba, bana pua na upulize taratibu tangu ukiwa juu ya maji, rudia kila unaposhuka urefu wa mkono. Sikio likianza kubana, panda kidogo, sawazisha, ndipo ushuke tena. Likikataa, siku hiyo fanya kazi ya kubaki ndani ya ngalawa.